Wageni wasimame

Mzee wa kanisa anapotamka "wageni wasimame" katika ibada ya Jumapili huko Nanyala, wilayani Mbozi, shingo zote hugeuka. Husimama mmoja au wawili: shemeji wa mtu aliyetoka Mbeya, pengine mwalimu mpya. Hutaja jina, usharika wao na nyumba waliyofikia, wakapigiwa makofi, wakaketi. Kabla jua halijatua, kijiji kizima kinajua wamekula kwa nani.

Tamko hilohilo likitolewa katika mji wa mpakani wa Tunduma, mbele kwenye barabara ya Zambia inayopita Nanyala, hesabu inakuwa nyingine. Anasimama dereva anayesubiri karatasi zake mpakani. Anasimama mama aliyefuata vitenge, na kijana wa Rukwa aliyepanga chumba eneo la Sogea wiki iliyopita. Wapo na wanaobaki wameketi ingawa ni wageni wa mwaka wa tatu: barua ya utambulisho kutoka usharika wa nyumbani haijafika, nao wameona haya kuendelea kusimama.

Sensa ya mwaka 2012 iliwakuta Tunduma watu wasiofika laki moja. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya laki mbili. Ongezeko hilo halikutoka wodi za wazazi peke yake. Limeletwa na barabara, reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976, biashara ya Nakonde, mji wa Zambia ulio ng'ambo ya mpaka, na malori, mengine yakipeleka mafuta Kongo, mengine yakirudi na shaba.

Kanisa la ukanda huu lilizaliwa katika mazingira mengine kabisa. Wamoraviani walipofungua misheni ya Mbozi mwaka 1899, walijenga palipokuwa na watu wa kukaa, wakulima wa Kinyiha wenye mashamba, ukoo na makaburi. Ushirika ukawafuata watu hao. Mtu asipoonekana kanisani Jumapili mbili, kuna aliyekwenda kugonga mlango, kwa kuwa mlango wenyewe ulijulikana.

Mjini mlango haujulikani. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki waliliona hilo mapema, na katika miaka ya 1970 wakaamua kwamba jumuiya ndogondogo ziwe msingi wa uhai wa parokia. Walutheri na Wamoraviani nao wana za kwao. Makanisa ya Kipentekoste huita seli. Kazi ni ileile: nyumba chache zinasali pamoja, zinamtazama mgonjwa, zinachanga. Mpangaji akifia mjini, mara nyingi wa kwanza kushika daftari la michango ya kusafirisha mwili ni mwenyekiti wa jumuiya.

Lakini jumuiya hukutana alfajiri au jioni, saa ambazo mfanyabiashara wa mpakani anafungua mizigo au anafunga hesabu. Mpangaji naye akipandishiwa kodi, huhama na kitanda chake, na jumuiya ikabaki na jina lisilo na mtu.

Kwenye pengo hilo huingia turubai, spika na nabii. Si haki kumcheka anayekwenda huko, kwani pengine ndiko alikoitwa kwa jina mara ya kwanza tangu ahamie mjini. Hatari huanza pale kundi linapomtaka awaache ndugu zake. Mwaka 2023, huko Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge hadi kufa, na baadhi yao walikuwa wameziacha familia zao ili kumfuata mhubiri msituni.

Halafu yupo jirani wa imani nyingine, Mwislamu. Kijijini, nani achinje ng'ombe wa harusi ni jambo wanaloweza kulimaliza wazee chini ya mti. Mjini nyama huuzwa buchani kwa watu wasiofahamiana, na Aprili 2013 ubishi wa nani mwenye haki ya kuchinja uliitia Tunduma katika ghasia, polisi wakaingia mitaani. Viongozi wa dini walilazimika kutafuta lugha ya pamoja katika mji ambao waumini wao hupanga nyumba moja na kutumia bomba moja.

Nanyala yenyewe haiko mbali na mji kama inavyodhani. Malori yote hayo hupita kwenye mteremko wake wa Senjele, unaojulikana kwa ajali, na dereva anayepita hapo Jumapili huona watu wakielekea kanisani, naye hana pa kusimamisha gari.

Akifika Tunduma huenda ibada imekwisha. Lakini Nakonde, ng'ambo ya pili ya geti, saa iko nyuma kwa saa moja. Karatasi zikikamilika, anavusha lori, analiegesha, anapangusa vumbi la viatu na kuingia kwa mlango wa nyuma, kwaya ikiwa ndiyo kwanza inapanda jukwaani. Muda si mrefu ataambiwa asimame.