Kujua na Kubahatisha: Swali la Maarifa katika Mtihani wa Leseni ya Uuguzi

Katika falsafa ya maarifa, yaani tawi linalochunguza maana ya kujua, liko swali kongwe ambalo Plato aliliweka katika mazungumzo yaitwayo Meno: aijuaye njia ya kwenda mji wa Larisa anamzidi nini yule ambaye hajawahi kuipita ila amekisia akapata, ikiwa wote wawili watawafikisha wasafiri salama? Jibu linalotolewa humo ni kwamba kisio sahihi hutoroka kama sanamu isiyofungwa, na kwamba kamba inayolifunga ni kujua sababu. Swali hilo huwakabili kila mwaka maelfu ya wauguzi, wakiwamo waliosomea Kenya, wanaofanya mtihani wa NCLEX ili wapate leseni ya kufanya kazi Marekani, kwa kuwa mtihani wa kuchagua majibu huliona chaguo la mtahiniwa bila kuiona sababu iliyomo kichwani mwake.

Wanaowaandaa watahiniwa hufundisha kile kiitwacho mbinu, lakini neno hilo limebeba vitu viwili vya asili tofauti. Mbinu za aina ya kwanza humsoma mtunga swali: mtahiniwa huambiwa ashuku chaguo lenye neno “daima” au “kamwe”, au alipendelee jibu refu kuliko mengine. Mbinu za aina ya pili humsoma mgonjwa. Mtahiniwa akiulizwa amwone nani kwanza, kati ya aliyevunjika mguu anayelia kwa maumivu na aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tezi ya shingo ambaye pumzi yake imeanza kutoa mluzi, hukumbushwa mfuatano wa njia ya hewa, upumuaji, kisha mzunguko wa damu, naye humwendea wa pili, kwa sababu anayelia, kwa kilio chake hicho hicho, anaonyesha kwamba hewa inapita, ilhali mluzi ni dalili kwamba koo linaziba. Mbinu hii ni elimu yenyewe iliyofupishwa ili itumike kwa haraka, na iko karibu sana na kile Aristotle alichokiita phronesis, yaani hekima ya utendaji, uwezo wa kutambua lipasalo katika hali hii mahususi na kwa wakati huu.

Hatari ya aina ya kwanza huonekana pale kanuni ya mtihani inapogongana na kanuni ya wodi. Kloridi ya potasiamu haisukumwi kamwe moja kwa moja mshipani bila kuzimuliwa, kwa kuwa yaweza kuusimamisha moyo. Hapa neno “kamwe” ndilo ukweli wote, na aliyezoea kulikwepa atalikwepa hata pale linapolinda uhai.

Watunga mtihani wenyewe wanaonekana kuutambua udhaifu huu. Tangu Aprili 2023 NCLEX imekuwa na visa virefu vya mgonjwa mmoja, kila kisa kikiwa na maswali 6 yanayofuata hatua za uamuzi wa kitabibu: kutambua dalili, kuzichambua, kupanga kipaumbele, kubuni hatua za kuchukua, kutenda na kutathmini matokeo. Katika baadhi ya maswali yenye majibu mengi, chaguo sahihi huongeza alama na chaguo la makosa huipunguza, hivyo kuweka tiki kila mahali kwa kubahatisha hakuna faida.

Kujisomea nako kuna udanganyifu wake, na huu ni mgumu zaidi kuugundua kwa sababu anayedanganya na anayedanganywa ni mtu mmoja. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliosoma andiko mara kwa mara walikumbuka zaidi dakika 5 baadaye, lakini baada ya wiki moja walizidiwa na wale waliojipima kwa kulikumbuka bila kulitazama. Na waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi. Vyuo vya Kurani vya pwani ya Afrika Mashariki vilifuata zamani desturi kama hiyo ya kupima kumbukumbu, kwa kuwa mtoto aliyeandika somo lake ubaoni alitakiwa alisome kwa moyo mbele ya mwalimu. Mtahiniwa anayejibu maswali na kuandika sababu ya kila jibu, hata lile alilopata, anaifunga ile sanamu ya Plato.

Hata hivyo, aliyejiandaa vyema bado hukutana na mashaka, kwani tangu 1994 kompyuta humpimia kila mtahiniwa maswali kulingana na majibu yaliyotangulia, ikitafuta yale anayokaribia kuyapata na kuyakosa kwa kiasi sawa. Kwa hiyo hata mwenye uwezo mkubwa hukosa mengi na kujiona mjinga, wala haruhusiwi kurudi kwenye swali alilokwisha kulijibu. Mashine huweza kusimama baada ya maswali 85 ikiwa ina uhakika wa asilimia 95 juu ya uwezo wa mtahiniwa, au huendelea kuuliza hadi 150 ndani ya saa 5. Muuguzi aliye kando ya kitanda hana nafasi ya kungoja uhakika wa kiasi hicho, na pengine hili ndilo fundisho la kweli zaidi la mtihani huu: kuamua kwa uaminifu huku mtu akijua kwamba anaweza kukosea.

Fikihi ya Kiislamu humwekea dhamana, yaani wajibu wa kufidia madhara, mtu anayetibu bila kujulikana kuwa na elimu ya utabibu. Uzito uko kwenye neno “kujulikana”. Leseni ni njia ya jamii kuifanya elimu ya muuguzi ijulikane, na mgonjwa aliyezimia huikubali bila kuulizwa, akiwa amemwekea muuguzi huyo mwili wake kama amana. Lakini mashine haikutoa orodha ya maswali yaliyojibiwa kwa bahati. Orodha hiyo imebaki kwa Mungu na kwa muuguzi mwenyewe, na aliyefaulu kwa kulibahatisha swali la potasiamu bado anadaiwa somo hilo kabla ya zamu yake ya kwanza.