Mwili wa Nani Unafundisha?

Kila mtu anayekutibu vizuri leo aliwahi kuwa hajui, na alijifunza kwa kushika mwili wa mtu fulani. Tunajua hivyo, ila hatupendi kuwaza mwili huo ni wa nani. Mimi husimamia wanafunzi wa fiziotherapia wanapotumwa mtaani. Tunawafuata wagonjwa nyumbani, ploti kwa ploti, na swali hilo hutufuata.

Hebu chukua shosho aliyepata kiharusi. Anachotaka ni kuinuka kwenye stuli na kwenda chooni bila kushikwa. Mwanafunzi akimvuta kwa mkono uliopooza, bega linaweza kuumia, kwa hivyo hapo naingilia papo hapo. Hiyo ni rahisi. Kibarua ni pale mwanafunzi hakosei, ila anajikokota tu. Kazi ya dakika kumi inachukua nusu saa, na shosho anachoka. Nikinyamaza, anayelipa ni shosho. Atakayefaidika ni mgonjwa mwingine, miaka ijayo, ambaye hatawahi kumjua.

Kuna wanaosema, si anahudumiwa bure, avumilie tu. Mimi nakataa. Azimio la Alma-Ata la 1978 lilihesabu huduma za utengamao ndani ya afya ya msingi. Kitu ambacho ni haki yako hakiwezi kutumiwa kukunyamazisha.

Basi aombwe ruhusa. Hospitalini kitanda si chako, lakini nyumbani mlango ni wako, kwa hivyo ungedhani kukataa ni rahisi. Wapi! Kwetu mgeni hafukuzwi, sembuse mgeni anayeitwa daktari. Shosho atasema "karibu" hata kama moyoni hataki.

Ndiyo maana kabla ya kumgusa, mwanafunzi lazima aseme: "Shosho, mimi si daktari, bado nasoma. Ukitaka mwalimu wangu ndiye akushike, sema tu. Wiki ijayo bado tutakuja."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanabeba mzigo. Bila hayo, "ndiyo" ya shosho ni woga wa kuachwa. Akishayasikia, anaweza kutoa au kunyima, na akitoa, ametoa kweli.

Wengi hukubali. Anayekataa namhudumia mwenyewe, mwanafunzi akitazama kando. Wanafunzi wengine hununa njiani wakidai wamepoteza siku. Mimi naona wameshafundishwa kwamba mwili ule una mwenyewe.