Kobe Hakuulizwa

Kuna hadithi moja ambayo sisi wa Kisauni hatukuipata kitabuni, ingawa vitabu vimeandikwa juu yake na kusomwa dunia nzima. Ilitokea hapa kwetu, Bamburi, mwendo mfupi tu kwa matatu kutoka nyumbani kwa nyanya yangu. Nimeisimulia mara nyingi, na kila mara nimeisimulia kama jambo la kufurahisha. Mwaka jana iliniharibikia mdomoni, na tangu siku hiyo sijaweza kuisimulia vile vile tena.

Kwanza niseme yenyewe, kwa wasioijua.

Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko kubwa lilipiga chini ya bahari karibu na Sumatra, Indonesia. Mawimbi yake, yale tuliyojifunza siku hiyo kuyaita tsunami, yaliua watu wapatao 230,000 katika nchi zinazopakana na Bahari ya Hindi. Kenya yalitufikia mchana yakiwa yamechoka. Kwetu aliyeripotiwa kufa ni mtu mmoja. Lakini huko Malindi, upande ambao mto Sabaki unaingia baharini, kiboko mchanga alionekana peke yake katika maji ya chumvi, bila mama, bila kundi. Kesho yake watu wakatoka kwenda kumwokoa: wavuvi, wenyeji, wageni wa mahoteli, na nyavu na kamba na mashua, na mji umejaa ufukweni kutazama. Si kazi ndogo. Mtoto wa kiboko ana kilo karibu 300, anateleza, na ana hasira. Walipomnasa wakampa jina la mmoja wa waliomkamata: Owen.

Kumrudisha mtoni hakukuwezekana, maana viboko hawampokei mtoto wa kundi jingine, huenda wakamuua. Basi akafungwa kamba, akapakiwa garini, akaletwa Haller Park, Bamburi, akaachiliwa ndani ya boma lenye kidimbwi pamoja na wanyama wengine. Humo mlikuwa na kobe mkubwa wa jamii ya Aldabra, wale wanaotoka visiwa vya Shelisheli, aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi. Jina lake Mzee. Owen alipofunguliwa kamba alimwendea moja kwa moja, akajificha nyuma ya gamba lake kama mtoto anayejificha nyuma ya buibui la mama yake.

Wakalala pamoja, wakala pamoja, wakaingia majini pamoja. Picha zao zikazunguka ulimwengu. Katika mwezi ambao kila gazeti lilikuwa limejaa maiti, watu walipata kitu cha kutazama bila kulia.

Sasa ngoja nieleze ilivyoniharibikia.

Nyanya yangu anakaa Mtopanga. Amezaa wanane, na baada ya hao amelea wajukuu, mimi nikiwa mmoja wao, tangu nina miaka mitatu hadi naanza kazi. Mwaka jana binamu yangu alipata kazi Saudia. Ana mtoto wa mwaka na nusu. Tukaitwa kikao siku ya Jumapili. Nasema kikao, lakini ukweli ni kwamba uamuzi ulikuwa umeshapita kwenye simu. Tulikwenda kuupamba tu. Shangazi akasema nyanya ni mvumilivu. Amu akasema nyumba ile ina baraka. Nami, mwenye kupenda visa, nikaona nichangamshe baraza. Nikasimulia habari za Owen na Mzee: jinsi kobe wa miaka mia na thelathini alivyompokea mtoto asiyekuwa wake, wala wa aina yake. Watu wakacheka, wakatikisa vichwa, subhanallah.

Nyanya alikuwa anachagua mchele kwenye uteo. Akaniuliza bila kuinua macho:

"Na huko walikomtia, mlango ulikuwako?"

Nikasema, "Ni boma, nyanya. Lina ua."

"Sasa huyo kobe alikuwa aende wapi?"

Nikanyamaza. Akaendelea na mchele wake. "Basi musinambie ya mapenzi kwanza. Nambieni aliulizwa."

Nimekaa na swali hilo muda mrefu. Nimeligeuza hivi: uvumilivu wa mtu asiyekuwa na pa kwenda, je, ni fadhila yake, au ni jina zuri tunalolipa lile ua tuliloliweka sisi?

Nilirudi nikaisoma upya hadithi ya Bamburi, safari hii nikimtazama kobe. Kuna sehemu tunayoipita haraka tunaposimulia. Owen alipomwegemea mara ya kwanza, Mzee hakumkaribisha. Alitoa sauti ya kufoka, akaondoka zake kwa mwendo wa kikobe. Owen akamfuata. Akaondoka tena. Akafuatwa tena. Anayefuatwa huenda kwa mwendo wa kobe. Anayefuata anakwenda kwa mwendo wa kiboko. Hapo hakuna mashindano. Kama ningekuwa namsimulia binadamu aliyesema "sitaki" kwa njia zote alizonazo, halafu mwishowe akatulia, nisingethubutu kusema moja kwa moja kwamba amependa.

Sayansi inamweleza vizuri Owen. Miaka ya mwisho ya 1950 huko Wisconsin, Marekani, Harry Harlow aliwatenga kima wachanga na mama zao, akawawekea mama wawili wa bandia: mmoja wa waya, mmoja amefunikwa kitambaa laini. Hata pale maziwa yalipokuwa kwa yule wa waya, watoto walishinda wameng'ang'ania kitambaa, wanakwenda kunyonya haraka kisha wanarudi. Jaribio lenyewe lilikuwa la kikatili, lakini lilionyesha kitu: kiumbe mchanga aliyetishika anataka cha kuegemea hata kabla ya chakula. Kiboko naye ni mnyama wa kundi. Owen alitafuta kitu kikubwa, cha mviringo, cha rangi ya kijivu, kisichokimbia, akakipata.

Lakini maelezo yote hayo ni ya anayeegemea. Anayeegemewa amekuwa kitambaa, na kitambaa hakina upande wake wa hadithi. Nafikiri hili ndilo kosa nililolifanya barazani. Nilimchukua nyanya yangu nikamfanya kitambaa, mbele yake, huku namsifu.

Atasema mtu: lakini kulea ni maumbile yake, yeye kazaliwa kulea. Hoja hiyo pia naweza kuijibu kutoka hapo hapo Bamburi. Haller Park zamani ilikuwa timbo. Kiwanda cha simiti kilianza pale mwaka 1954, kikachimba mawe ya matumbawe hadi pakabaki jangwa jeupe lisiloota jani. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa mimea, akaanza kujaribu miti. Mingi ilikufa. Mvinje ukakubali, lakini majani yake yakawa yanaanguka na kurundikana bila kuoza, na bila kuoza hakuna udongo. Kilichookoa kazi ni majongoo, wale wenye miguu myekundu, tunaowapisha njiani siku za mvua. Wanakula majani ya mvinje, na kinyesi chao ndicho kilichokuwa mwanzo wa udongo. Msitu ule wote unaouona leo, na viboko na twiga ndani yake, umesimama juu ya kazi ya majongoo.

Ajabu kweli. Lakini jongoo hakubebeshwa kitu. Alipewa chakula anachokitaka, akala, akashiba, na faida tukaipata sisi. Huyo ndiye wa kusemwa kwamba kafanya maumbile yake. Mwanamke wa miaka zaidi ya themanini anayeamka saa nane za usiku na magoti yake kuchemsha maziwa, halafu akalala ameketi kwa sababu mtoto hataki kitandani, huyo si jongoo. Anajua anachokitoa. Wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi barazani tulikuwa tunaupima mzigo ule kwa macho tu.

Nikafika hapo nikadhani nimepata jibu: upendo wa kweli ni wa yule mwenye mlango wazi. Kisha nikakumbuka habari nyingine ya Kenya, ikanipinga.

Mwaka 2002, katika hifadhi ya Samburu, simba jike mmoja alionekana anatembea na ndama wa choroa. Hakumla. Alimlinda, akalala naye, akamfuata kila aendako. Wenyeji wakampa jina Kamunyak, maana yake aliyebarikiwa. Huyu hakuwa na ua. Samburu nzima ilikuwa wazi mbele yake, na tena ndama alikuwa ni chakula chake halali. Kama unatafuta pendo la hiari, ndilo hilo. Na matokeo? Simba hakuweza kuwinda kwa sababu hakutaka kumwacha mtoto, na mtoto hakuwa na maziwa kwa sababu simba hakuwa nayo. Wote wawili wakakonda. Baada ya wiki mbili hivi simba dume akamkamata yule ndama akamla. Kamunyak akarudia, na ndama wengine, mara kadhaa.

Hiari alikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu wa pembeni. Hakuwepo wa kumwambia: nenda kanywe maji, mimi nitakaa naye.

Kwa hiyo swali la nyanya lilikuwa la kwanza tu. Chini yake kuna la pili. La kwanza ni kama anayeegemewa ameulizwa. La pili ni nani anayeutazama uzito, hata baada ya yeye kukubali. Kwani kukubali hakumalizi deni. Mtoto anakua.

Na hapa ndipo watunzaji wa Bamburi, ninavyoona mimi, walifanya jambo lenye busara kuliko sehemu zote za hadithi, ingawa halina picha nzuri. Kwanza walitazama. Waliona kwamba baada ya muda mambo yalibadilika: Mzee naye akaanza kumfuata Owen. Wakawa wanasukumana ili watembee, mmoja anamng'ata mwenzake mguu kwa upole, mwingine anamng'ata mkia. Mimi siwezi kuapa kwamba huo ni urafiki, lakini ua peke yake haukulazimishi kumfuata mtu. Kwa hiyo nasita pia kusema Mzee alikuwa mfungwa tu. Huenda kitu kilichoanza kwa kukosa pa kwenda kikageuka baadaye kikawa chake mwenyewe. Haya hutokea. Nyanya aliponichukua mimi hakuulizwa, najua, na najua vilevile kwamba alinipenda.

Halafu Owen akakua. Kiboko dume mzima huvuka kilo 1,500. Gamba la kobe ni gumu, lakini si jiwe, na mapenzi ya kiboko hayapunguzi kilo hata moja. Wakawatenganisha. Owen akawekwa na kiboko jike aitwaye Cleo. Watu wengi waliudhika. Hadithi ilikuwa tamu na hao wameikata. Mimi mwenyewe nilipokuwa naisimulia nilikuwa namalizia kabla ya hapo. Sasa naona ile ndiyo siku ambayo mtu alimtazama kobe kama kobe, mwenye mwili wa kuumia.

Tulirudi Mtopanga Jumapili ya pili. Safari hii tulimuuliza. Shangazi hakupenda, akasema tunamvunjia heshima nyanya kwa kumfanya aonekane mchoyo. Nyanya alifikiri kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia, na ule muda wenyewe ulitutia haya, kwa sababu ulionyesha kwamba jibu halikuwa limekaa tayari kama tulivyodhani. Akasema mtoto aje, lakini kuanzia Ijumaa alasiri mpaka Jumapili jioni hamjui. Na pesa za maziwa zisipite mkononi mwake, ziende dukani moja kwa moja, maana zikipita kwake ataulizwa zilikokwenda.

Sijui kama hiyo ni haki. Labda angesema hapana kama angeamini kwamba hapana yake ingesikika. Ua wa binadamu hauonekani kwa macho. Hilo linanisumbua bado. Nilichonacho ni Ijumaa zangu.

Mwezi uliopita nilimpeleka mtoto Haller Park. Alipowaona wale kobe wakubwa alipiga kelele ya furaha, akakimbia, akamlalia mmoja mgongoni kwa tumbo zima. Kobe akavuta kichwa ndani, akafoka. Watu waliokuwa karibu wakacheka, mmoja akatoa simu apige picha. Nami nilicheka. Kisha nikaenda nikamwondoa, akalia njia nzima mpaka getini.