Ndoo Nimeiacha Nyumbani

Mtu wa Lucky Summer, mtaa wetu wa Nairobi, hahitaji kufundishwa kuoga kwa lita kumi za maji. Kwetu maji ni ya mgao, na yasipokuja tunanunua kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni. Yaliyofulia yanapiga deki, yaliyopiga deki yanamwagwa chooni. Upepo ukigeuka, moshi wa dampo la Dandora, ng'ambo ya mto, unatukumbusha mahali kila tunachotupa kinapoishia. Ndiyo maana nilipomsikia mwenye nyumba ya wageni akiwahubiria wanachama wa chama chetu umuhimu wa kutunza maji, nilitazama chini nisije nikacheka.

Tulikuwa Kinangop, kwenye nyanda za baridi karibu na Aberdare, safari yetu ya Desemba. Nyumba yenyewe iko ndani ya shamba linalolimwa bila kemikali: maziwa ni ya ng'ombe wa hapo hapo, mayai ni ya kienyeji, mboga zinachumwa ukiona. Tangazo lililotuvuta lilikuwa na picha ya blanketi jeupe na moto wa kuni. Picha ya choo haikuwemo. Choo chenyewe kilikuwa cha mboji. Ukimaliza haja zako unamwaga kikombe cha maranda, basi. Maji ya kuoga yalitegemea kupashwa na jua, na jua la Kinangop lina shughuli zake nyingine.

Jioni ile mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, akaenda kumwona mwenyeji. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwanangu, mimi naoga kwa ndoo mwaka mzima. Nimeweka pesa kidogo kidogo ili nije hapa. Ndoo nimeiacha nyumbani." Mwenyeji, kijana mstaarabu na mwenye nia njema kabisa, akamweleza habari za misitu ya Aberdare, mito inayokauka na ongezeko la joto duniani. Mama aliomba maji akapewa hali ya hewa.

Nimeyawaza maneno ya mama yule mara nyingi. Kujinyima kwa hiari ni anasa. Anayeishi kwenye nyumba ambayo bomba halikauki anaweza kulipa ili aonje uchache kwa siku mbili, na akarudi akisimulia alivyotulia. Asiye na bomba la kutegemea haoni utulivu wowote hapo, anaona Jumatatu imemfuata likizoni. Mwenyeji alidhani mbele yake kuna mtu asiyejua thamani ya maji. Kumbe aliyesimama pale angeweza kumfundisha yeye.

Hata hivyo nyumba za aina hii zinaweza kufanikiwa, tena sana. Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, kilifanywa hifadhi ya bahari mwaka 1994, na tangu 1998 kinalaza wageni katika nyumba saba tu. Maji ni ya mvua iliyokingwa na mapaa. Vyoo ni vya mboji. Kiyoyozi hakuna, bwawa la kuogelea hakuna, na usiku mtu hutembea na tochi ili wanyama wa usiku wasisumbuliwe na taa. Bei ya usiku mmoja inaweza kulipa kodi ya chumba Lucky Summer kwa miezi kadhaa, na watu wanakwenda. Wanakwenda kwa sababu choo cha mboji hakifichwi. Ni sehemu ya kile wanachouziwa. Mgeni anapanda mashua akijua anachokifuata.

Kwa hiyo sikubali maneno ya wanaosema kwamba Mkenya hajazoea mambo ya mazingira. Tajiri naye hulalamika akikuta asichokitarajia. Mwaka 2019 huko Oléron, kisiwa cha Ufaransa, wenye nyumba ya mapumziko walimpeleka jirani yao mahakamani kwa sababu jogoo wake, Maurice, aliwika alfajiri. Mahakama ya Rochefort ilimpa jogoo ushindi, na mwaka 2021 ikapitishwa sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani. Lakini mwenye nyumba ya wageni asijifariji kwa hukumu ile. Ukimshinda mgeni kwa hoja, umebaki na hoja na chumba kitupu.

Kisheria tunaweza kusema mengi. Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu anachokilipia. Nani atakwenda kortini kwa ajili ya maranda? Hakuna. Ila mwenye tangazo angeweza kuandika mstari mmoja tu kuhusu choo, na ungemwondolea mzigo wa mahubiri ya jioni nzima.

Nasi wageni tuna letu. Tumelelewa kwamba ukikaribishwa hulalamiki. Mwenyeji akipita na kuuliza kama kila kitu kiko sawa, tunajibu kwa pamoja, "Hakuna shida." Akishaondoka tunaanza: godoro, chai isiyo na sukari ya kutosha, mbwa. Malalamiko yote anayapata dereva wa matatu njiani kurudi, ambaye hawezi kurekebisha hata moja. Adabu hii inafaa unapokuwa nyumbani kwa shangazi. Mahali ulipolipa, kunyamaza ni kumnyima mwenyeji nafasi ya kujirekebisha. Katika kundi letu zima, aliyemtendea kijana yule haki ni mama aliyekwenda kumwambia.

Jirani yangu mmoja alisomea hoteli katika Chuo cha Utalii, hapo Thika Road, kilichofunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi. Wadi iliyo karibu na yetu imebeba jina hilo. Nilipomsimulia kisa hiki akatikisa kichwa. "Kwanza kiti," akasema, "halafu chai. Sababu mpe akikuuliza."

Mpishi wa pale Kinangop nadhani hakusoma chuo chochote cha hoteli, lakini alilijua hilo. Alikuwa amesikia yote kupitia dirisha la jikoni. Baada ya chakula aliteka sufuria kubwa ya maji, akaiweka kwenye jiko la kuni lililokuwa bado na moto, kisha akampelekea mama beseni hadi mlangoni. Asubuhi mama huyo huyo ndiye aliyekuwa akiwatetea wenyeji, akiwaambia wenzake kwamba choo kile hakina harufu hata kidogo, si kama cha ploti yetu.

Lililobaki lilikuwa jembe. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," Nyerere aliutumia msemo huu katika maandishi yake ya Ujamaa mwaka 1962. Pale shambani jembe hutolewa siku ya kwanza, na unalilipia: kuchimba viazi ilikuwa burudani yenye bei yake. Wazee wetu, waliokulia kwenye viazi, walikataa katakata. Vijana waliozaliwa Nairobi walilipa, wakachimba, wakapiga picha mpaka betri zikaisha.

Safari ijayo imeshapigiwa kura kwenye mkutano wa chama. Wengi wanataka Mombasa, hoteli yenye lifti na bomba la maji moto. Kinangop ilipata kura mbili, yangu na ya mama.