Lengo na Mwisho wa Gunia

Swali la iwapo anayebuni kitu kipya huwajibika kwa yale ambayo kitu hicho kitaifanyia ardhi baada ya kuuzwa, kutumika na kutupwa, mara nyingi huachiwa wahandisi na watunga sheria, ilhali kwa asili yake ni swali la maadili, yaani elimu inayoyapima matendo ya binadamu kwa wema na ubaya wake. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alifundisha kwamba kitu huelezwa kwa sababu nne: malighafi yake, umbo lake, aliyekitenda na lengo lake. Neno alilolitumia kwa sababu hiyo ya nne, telos, hubeba maana ya lengo na ya mwisho kwa pamoja. Kiswahili huyatenga mawili hayo, na kutenga huko ni bahati kwa anayefikiri kwa lugha hii, kwani lengo la gunia ni kubeba, lakini mwisho wa gunia ni habari nyingine kabisa.

Habari hiyo huonekana wazi Binza, Bariadi na kwingineko mkoani Simiyu, ambako pamba ndiyo zao kuu la biashara. Mfuko wa sandarusi, ule unaofumwa kwa nyuzi bapa za plastiki, ulilishinda gunia la katani kwa wepesi na kwa bei. Hata hivyo, jua la kiangazi huzichakaza nyuzi hizo zikaanza kuchanika na kupukutika, na mkulima anapoimimina pamba yake mizanini, vipande vyembamba kama unywele hushuka nayo, hupita katika mashine za kuchambulia bila kuonekana, husokotwa pamoja na uzi, na kwa kuwa plastiki hainywi rangi kama inavyoinywa pamba, hujitokeza mwishoni kama michirizi myeupe katika kitambaa kilichokwisha kutiwa rangi. Ndiyo sababu wakulima husisitizwa wasivunie wala kuhifadhia pamba katika mifuko hiyo, agizo ambalo ni jepesi kulitoa kuliko kulitimiza pale ambapo sandarusi ndiyo iliyopo dukani.

Katika mlolongo huo hakuna aliyekusudia ubaya. Aliyeubuni mfuko alijiuliza utabeba kilo ngapi na utauzwa shilingi ngapi, akajibu vizuri. Wanaoshikilia kwamba tendo huhukumiwa kwa nia watasema hana hatia, na pengine ni kweli; lakini hatia na wajibu si kitu kimoja, kwa kuwa hatia hutazama lililokwisha kutendeka na wajibu hutazama lijalo. Hans Jonas, mwanafalsafa mzaliwa wa Ujerumani, alijenga hoja ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1979: kadiri uwezo wa binadamu wa kutenda unavyofika mbali, ndivyo wajibu wake unavyopaswa kuwafikia hata wale ambao hawajazaliwa. Sheria, kwa upande wake, huchelewa. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilianza kutumika Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, mifuko ikiwa tayari imejaa mitaroni, ilhali kilipokuwa bado mchoro, kitu kama hicho kingebadilishwa kwa kalamu tu.

Huenda ikadaiwa kwamba kufikiri hivyo ni mazoea ya kigeni. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliyatumia maneno ya Kiswahili sasa na zamani kueleza kwamba wakati wa Mwafrika wa jadi uliegemea nyuma, na kwamba ujao wake haukuzidi takriban miaka miwili. Ngitili ya Wasukuma inalitia dai hilo taabu. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, mifugo isiguse nyasi zake hadi kiangazi zitakapokwisha kwingine. Na ikitunzwa miaka mingi, miti nayo hurudi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi ingali ndani ya mkoa wa Shinyanga, haukuibuni ngitili bali uliifufua. Ngitili nayo ni chombo kilichobuniwa, tena kwa kuanzia na kile kisichochukuliwa.

Hata wazo linaloitwa rafiki wa mazingira halisalimiki na swali hili. Baada ya mavuno, miti ya pamba hutakiwa kung'olewa na kuchomwa ili wadudu kama funza wekundu wasivuke msimu, kwa hiyo kuigeuza kuwa mkaa mbadala huonekana kama kuokota kilichotupwa. Kitu hicho, kwa kweli, hakikutupwa chote. Katika kaya nyingi ambako kuni zimekuwa adimu, mashina hayo hufungwa mizigo, huegemezwa nyuma ya jiko na kupikiwa ugali, bila bei na bila mnunuzi. Siku yatakapopata bei mjini, mwenye shamba atayauza, na jirani aliyekuwa akiyaomba baada ya mavuno atarudi porini na shoka.