Ni Manyoya Tu

Mtu aliyewahi kufuga paka anaijua ile sauti. Saa kumi alfajiri, nyumba nzima kimya, halafu kutoka chini ya meza: hek, hek, hek, kama mtu anayewasha pikipiki mbovu. Unaruka kitandani kwenda kuokoa mkeka. Unachelewa. Unakuta kitu kirefu chenye ute, mfano wa kipande cha kamba ya katani kilicholowa. Unafuta, unanawa mikono, unarudi kulala.

Nilifuta na kurudi kulala kwa karibu mwaka mzima. Paka wangu anaitwa Karani, kwa sababu tangu mdogo anapenda kulalia karatasi. Alikuwa wa bibi yangu, Tanga. Bibi alipofariki mwaka 2019 nilisafiri naye kwa basi hadi Dar es Salaam ndani ya kikapu, akilia kuanzia Segera mpaka Chalinze. Sasa ana miaka 14. Mgeni akiniuliza, "Huyo paka mbona anatapika?" nilimjibu kwa sauti ya mtaalamu: "Ni manyoya tu."

Na wala sikuwa nadanganya. Ulimi wa paka una miiba midogo mingi iliyopinda kuelekea kooni, kwa hiyo anapojilamba, manyoya yaliyong'oka hayana njia nyingine ila kumezwa. Yametengenezwa kwa keratini, kama kucha zetu, na tumbo haliwezi kuyasaga. Mengi hupita na kutoka na kinyesi. Yanayobaki hujiviringa yakawa donge, na donge hutapikwa. (Ulaya ya karne ya 16 madonge magumu ya namna hii, yaliyotoka matumboni mwa mbuzi, yaliuzwa kwa bei ya kutisha kama dawa ya sumu. Mimi yangu nilikuwa nayatupa bure.)

Kosa langu lilikuwa kwenye lile neno la mwisho. Tu. Hebu lisikilize linavyotumika kwetu. Ni malaria tu. Ni mchoko tu. Ni mfanyakazi wa ndani tu. Ukishalitamka hakuna aliyebaki na swali. Sisi waandishi wa habari tuna tu yetu: chanzo cha ajali ni mwendo kasi. Unaiandika, unatuma habari, unakwenda kula. Barabara ilikuwaje, dereva alikuwa amelala saa ngapi, hayo yanabaki palepale kwenye lami.

Mwezi wa tatu mwaka huu Karani alianza kunywa maji kwenye ndoo ya bafuni, jambo ambalo hakuwa analifanya. Kutapika kukawa mara tatu kwa wiki, halafu kila siku, na mara nyingi lilitoka povu jeupe bila unyoya hata mmoja. Choo chake kikawa kigumu, vipande vidogo kama vya mbuzi. Nilipomwinua nikahisi nimeinua kikapu kitupu. Mama jirani akasema mpe maziwa yatatoa sumu, na kwanza usihangaike, paka ana roho saba. Nikampa maziwa. Akaharisha siku nzima. Baadaye ndipo nilipojua kwamba paka wengi wakishakua hawawezi kumeng'enya sukari iliyomo kwenye maziwa. Siku mbili alipokataa dagaa, nikambeba kwa daktari wa mifugo.

Daktari alianza na maswali. Anatapika mara ngapi kwa wiki? Kinatoka chakula, povu au nyongo? Muda gani baada ya kula? Anakunywa maji kiasi gani? Anakojoaje? Mimi ninayelipwa kwa kuuliza watu maswali sikuwa na jibu hata moja lililonyooka. Nilikuwa nimeishi na huyu mgonjwa chumba kimoja.

Vipimo vya damu vikaonyesha figo. Zimechoka, na hazitarudi kama zamani. Kinachowezekana ni kumpunguzia mzigo. Kuhusu manyoya daktari alinieleza jambo ambalo bado linanisumbua. Alisema paka mwenye afya hutapika donge mara mojamoja. Paka mzee anayetapika kila wiki ana sababu nyingine mpaka ithibitike hana. Inaweza kuwa figo, tezi ya shingoni, utumbo wenyewe. Manyoya yanaonekana kwenye matapishi kwa sababu muda wote yapo tumboni. Yaani nilikuwa nimemkamata aliyekutwa eneo la tukio.

Na hapa lazima niseme habari za bibi. Mwaka wake wa mwisho alikuwa anasukuma sahani kando. Anasema tumbo limejaa, anakula vijiko vitatu vya wali, anakunywa chai. Tukasema ni uzee tu. Walisema hivyo kwenye kituo cha afya, lakini sisi tulikuwa tumeshasema kabla yao, tena kwa mapenzi, tukimbembeleza ale. Uvimbe ulipoonekana ulikuwa umeshachukua nafasi yake. Sina hakika kama kuwahi kungebadilisha kitu. Ninachojua ni kwamba hatukuuliza.

Tuliokulia pwani tumefundishwa mapema hadithi ya Mtume kuhusu mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Nilikua nikijihesabu salama. Karani hajawahi kufungwa, na sahani yake haikukauka. Mwaka 1789 Mwingereza Jeremy Bentham aliandika kwamba kuhusu wanyama swali la maana si kama wanafikiri au wanasema, bali kama wanaumia. Nakubaliana naye. Ila paka ni hodari wa kuficha maumivu, hata kwa anayemlisha. Swali la Bentham halijibiki kwa kukaa mezani. Inabidi uchuchumae ukaangalie kilichotapikwa ni cha rangi gani.

Sasa, hela. Siku ile ilinitoka shilingi 85,000. Wiki hiyohiyo shangazi yangu wa Tanga alikuwa ameniomba 50,000 ya dawa za presha, nikamwambia mwezi umekaa vibaya. Halafu, kwa akili zangu, nikaweka kwenye status ya WhatsApp picha ya Karani akiwekewa maji kwa sindano. Shangazi akajibu kwa sentensi moja: "Kumbe hela ipo, mwanangu."

Ninayo hoja yangu na nimeipiga mswaki mara nyingi. Wiki ileile nilikula nyama choma na wenzangu, nikanunua bando, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nyama choma imeshinda presha ya shangazi. Mizani hii huletwa paka anapotibiwa tu. Hoja ni ya kweli, na haimsaidii shangazi hata kidogo. Kinachofuata kwenye hoja hiyo ni kwamba nina madeni mawili, siyo kwamba sina hata moja. Nilimtumia baada ya siku nne. Hakusema asante, na nadhani alikuwa na haki.

Nyumbani tumebadilisha mambo. Dagaa wa chumvi wametoka. Anakula kidogo kidogo, mara nne kwa siku, chakula laini chenye maji, na siku choo kikiwa kigumu namchanganyia boga lililochemshwa. Kila jioni namchana kwa brashi, kwa sababu unyoya uliobaki kwenye brashi hautafika tumboni. Kidonge tunapigania. Ananikwaruza, ananinunia chini ya kitanda, na hapo ndipo ninapojiuliza namtibu yeye au natibu ule mwaka wa bibi. Nina daftari: tarehe, saa, kilichotoka. Nikimwona anakaza tumbo tena na tena bila kutoa kitu, tumbo gumu, hataki kula, nimeambiwa nisisubiri kesho.

Juzi shangazi alipiga simu. Baada ya salamu akauliza, "Na yule paka wa mama?" Nikamsomea daftari: wiki hii mara moja, Alhamisi, donge dogo, alikula baadaye. Akacheka. Nikamuuliza na yeye presha inaendeleaje.

"Aah, ni presha tu, mwanangu."

Nikamuuliza ilisoma ngapi mara ya mwisho. Akanyamaza kidogo, akasema hajapima tangu Ramadhani.