Kuuma meno hospitalini: ni subira au ukaidi?

Hivi karibuni nilikesha hospitalini na shemeji yangu, dereva wa bodaboda wa Nyangoto, Tarime, aliyevunjika muundi na kuwekewa chuma. Alipasuliwa kwa sindano ya mgongo, hakusikia kitu. Ganzi ilipoisha usiku, ndipo kazi ikaanza. Muuguzi alileta sindano ya mshipa, dawa ya jamii ya mofini. Kijana akaikataa.

"Shemeji, hicho ni kilevi. Na mimi sikulia jandoni, nitalia leo?"

Wazee waliokuwepo wakamsifu. Mmoja akakumbusha kuwa hata mwiba ukimchoma Muislamu husamehewa makosa. Ni kweli. Lakini Mtume (s.a.w.) huyohuyo ametuamrisha kujitibu, na sijaona mtu akiuacha mwiba mguuni ili asamehewe zaidi.

Nilimkumbuka Urwa bin Zubeir, mmoja wa mafakihi saba wa Madina. Imepokewa kuwa mguu wake uliliwa na donda, ukakatwa kwa msumeno, naye akakataa kinywaji cha kumlevya. Kisa hiki husimuliwa kana kwamba Urwa aliyatafuta maumivu. Hapana! Alichokataa ni kupotewa na akili ambayo kwayo humkumbuka Mola wake. Maumivu aliyapokea kwa kuwa njia ya tatu haikuwepo.

Leo ipo. Mtaalamu wa usingizi huchoma dawa ya ganzi, kama bupivakeini, kando ya neva ya mguu. Mguu hunyamaza kwa saa 12 au zaidi, akili inabaki, na mgonjwa anaswali kwa ishara akijua anachosoma. Mofini nayo hutuliza, ila huleta usingizi, kichefuchefu na mwasho, na ikizidi hupunguza pumzi. Pamoja na hayo si haramu kwa mgonjwa anayeihitaji.

Ganzi nayo ina yake. Ukiukanyagia mguu uliokufa ganzi, unaanguka. Na muundi uliovunjika huweza kuvimba ndani hadi damu isifike kwenye misuli. Dalili ya mapema ni maumivu makali kupita kiasi. Ndiyo maana baadhi ya madaktari wa mifupa huisita ganzi hiyo. Hapo maumivu ni mjumbe, na mjumbe hauawi. Lakini akishafikisha ujumbe, kumkalisha sebuleni usiku kucha ni kwa faida ya nani? Tena anayeuma meno akanyamaza anaificha dalili ileile inayofichwa na ganzi.

Tusisahau kuwa wengi hawana cha kuchagua. Mwaka 2017 tume ya jarida la Lancet ilieleza kuwa katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi maskini kabisa zilipata tani 0.1 tu. Anayesubiri kwa kukosa dawa ana subira yake. Anayeikataa ikiwa mkononi mwa muuguzi, sijui tuiiteje.

Hospitali ile ganzi ya neva haikuwepo. Nilimweleza shemeji habari ya Urwa, nikamwambia amtajie muuguzi maumivu yalipo na yalivyo, asimfiche. Akanigeuzia uso ukutani.

Saa tisa usiku alimwita muuguzi mwenyewe.